Daraja Lisilomo Kitabuni

Mwaka mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya msingi wilayani Rungwe ili kumkagua mwalimu mwanafunzi. Somo lake lilihusu kuhifadhi mambo ya kale. Kijana yule alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio lake la somo lilikuwa safi, madhumuni yameandikwa kwa ufasaha, na ubaoni alikuwa ametundika mchoro mkubwa wa rangi, alioutengeneza mwenyewe kwa kunakili picha ya gazeti. Mchoro huo ulionyesha daraja la mawe liitwalo Pont Neuf, lililoko Paris nchini Ufaransa, pamoja na magati ya mawe yaliyojengwa kandokando ya mto Seine. Aliwaeleza watoto kwamba daraja hilo lilikamilika mwaka 1607, kwamba kingo za mto huo katika mji wa Paris zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1991, na kwamba wenyeji wa huko hawakubali urithi huo uharibiwe.

Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hata sisi tunalo daraja la zamani. Daraja la Mungu." Darasa likachangamka. Mwalimu akatazama saa yake, akatazama andalio lake, kisha akajibu kwa upole, "Hilo halimo kitabuni. Tuendelee." Mtoto akaketi, na kwa muda wote uliobaki hakunyosha mkono tena.

Sina budi kukiri kwamba nilimpa mwalimu yule alama nzuri. Katika fomu ya ukaguzi, mahali panapoulizwa kama mwalimu ametumia zana za kufundishia, niliandika alama ya juu kwa sababu ya mchoro ule. Jioni, nilipokuwa njiani kurudi chuoni, ndipo nilipotambua kosa langu. Mtoto alikuwa ameleta darasani zana iliyo bora kuliko mchoro, nasi wawili, mwalimu na mkaguzi wake, tuliikataa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini zana ile haikupaswa kukataliwa, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuitumia. Maoni yangu ni haya: urithi ulio karibu na shule ufundishwe kwa kuuendea, na ufundishwe pamoja na mto wote unaoupitia, tangu milimani hadi gatini. Mtoto anayejua daraja bila kujua mto hawezi kulilinda daraja hilo.

Mto mmoja, daraja na magati

Sina ugomvi na Paris. Kinyume chake, iko hekima katika jinsi urithi wa mji ule ulivyoorodheshwa. Walioandika orodha ile hawakuchagua daraja moja tu na kuacha mengine yote. Walitaja kingo za mto, na hivyo madaraja, magati na majengo yanayotazamana na maji yakaingia pamoja. Mwalimu yule alikuwa na jambo kubwa katika mchoro wake, lakini hakulitambua. Angelitambua, angeligeuka na kuutazama mto uliokuwa karibu na dirisha lake.

Mto Kiwira huanzia katika miteremko ya milima ya Uporoto na Rungwe. Mlima Rungwe una kimo cha karibu meta 2,960 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa, mto huu unakoishia, liko kwenye kimo cha karibu meta 475. Kwa hiyo maji ya Kiwira huteremka kwa kasi kubwa katika nchi yenye mvua nyingi, ambapo sehemu kadhaa hupata zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Njiani yanapita katika mashamba ya viazi, chai na migomba ya Rungwe, kisha yanaingia katika tambarare ya Kyela yenye mpunga na kakao. Katika sehemu ya juu ya safari hiyo maji hupita chini ya Daraja la Mungu, ambalo ni tao la mwamba lililovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo bila kujengwa na mkono wa mtu. Si mbali na hapo pako Kijungu, ambapo mto huzunguka na kuzama katika shimo la mwamba mfano wa chungu.

Mwisho wa safari, wilayani Kyela, ziko bandari za Itungi na Kiwira. Huko ndiko zinakofungwa meli za Ziwa Nyasa. Kwa mfano, MV Njombe na MV Ruvuma ni meli za mizigo, kila moja ikiwa imeundwa kubeba tani 1,000, na MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, imeundwa kwa ajili ya abiria 200 na mizigo ya tani 200. Kwa vijiji vingi vya mwambao, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini na barabara ni chache, meli ndiyo basi, ndiyo lori, na mara nyingine ndiyo gari la wagonjwa.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Tope na mchanga vinavyoletwa na maji vimepunguza kina cha bandari ya Itungi, na meli zikalazimika kutumia bandari jirani ya Kiwira. Tope hilo halikuzaliwa ziwani. Ni udongo wa juu wa mashamba, ule wenye rutuba, ulioteremshwa na mvua kutoka katika miteremko iliyolimwa bila matuta na kingo zilizolimwa hadi kwenye maji. Mkulima wa juu amepoteza shamba, na msafiri wa chini amepoteza gati. Kati yao limesimama daraja la mwamba, nalo hupitiwa na hasara ya wote wawili. Mtoto wa Darasa la Tano akielewa sentensi hizo chache, amejifunza jiografia, sayansi na uraia kwa pamoja.

Jina la daraja na asili yake

Baadhi ya walimu huogopa kulifundisha daraja hili kwa sababu ya jina lake. Wanachelea kwamba watoto watauliza, "Je, ni Mungu aliyelijenga?" na kwamba jibu lolote litamkwaza mtu fulani, ama mzee wa kijiji, ama mzazi, ama kiongozi wa dini. Hofu hiyo inaeleweka, lakini si sababu ya kunyamaza.

Wataalamu wa miamba hueleza kwamba nchi ya Rungwe ni nchi ya volkeno. Zaha, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, ilitiririka ikajaza bonde la mto. Ilipopoa ikawa mwamba mgumu. Maji hayakuacha njia yake. Yalipenya katika sehemu dhaifu za chini, yakaila miamba kidogo kidogo, na sehemu ngumu ya juu ikabaki kama tao. Jambo hili laweza kuelezwa kwa maneno machache, na mtoto wa miaka kumi na moja hulielewa vizuri akilinganisha na ukoko wa uji unaoganda juu ya sufuria ilhali chini uji ungali moto na laini.

Wazee nao wana masimulizi yao juu ya mahali hapo. Mwalimu asiyadharau. Nitoe mfano mmoja wa kutufanya tuyaheshimu. Mlima Kyejo, ulioko kusini-mashariki ya Rungwe, unasemekana kutoa zaha kwa mara ya mwisho karibu na mwaka 1800. Mwaka huo haukuandikwa na mtu yeyote aliyekuwapo. Habari hizo zilihifadhiwa katika masimulizi ya wenyeji wa Rungwe, na wataalamu wa volkeno wameyategemea masimulizi hayo katika kukadiria wakati. Basi kumbukumbu ya wazee ni ushahidi, na kama ushahidi wote, yapasa kusikilizwa, kuulizwa maswali na kulinganishwa na ushahidi mwingine.

Kwa hiyo mtoto akiuliza ni nani aliyejenga daraja, mwalimu asimkatishe. Amwambie kwamba jina ni ushuhuda wa mshangao wa watu waliolikuta tao lile bila kuona jengo wala fundi. Kisha waandike daftarini yale wanayosimulia wazee, na kando yake yale yanayoelezwa na sayansi. Mtoto anayejua kutofautisha aina mbili za maelezo, bila kuitukana hata moja, amepata elimu itakayomfaa maisha yake yote.

Namna ya kulifundisha

Mwalimu mtarajiwa ataniuliza, "Nitaanzaje?" Napendekeza somo hili lichukue juma moja au mawili, na ziara yenyewe iwe katikati, wala isiwe mwanzo. Ziara inayofanywa bila maandalizi huwa matembezi tu, na watoto hurudi na njaa na vumbi.

Kwanza, waanze na kijito kilicho karibu na shule, chenye maji yasiyovuka magoti ya mtoto. Wapime meta 10 kwa kamba ukingoni, waangushe jani kavu majini, na mmoja wao ahesabu sekunde linazotumia kufika mwisho wa kamba. Wakigawanya meta kwa sekunde wamepata kasi ya maji. Kazi hiyo irudiwe siku ya jua na siku inayofuata mvua, kutoka mahali pa salama. Hisabati ya kugawanya, ambayo darasani huwachosha, hapo huwa na maana.

Pili, wachote maji ya kijito katika chupa inayopitisha nuru, na wayaache yatuame dirishani hadi asubuhi. Tope litakalolala chini walipime kwa rula. Wachote tena baada ya mvua kubwa, na chupa mbili ziwekwe sambamba. Mwalimu asiwaambie kitu. Awaulize tu: tope hili limetoka wapi, na linakwenda wapi? Nimeona watoto wakitazama chupa hizo kwa dakika nyingi kuliko walivyowahi kutazama ukurasa wa kitabu.

Tatu, wawahoji wazee. Darasa litunge maswali matano kwa Kiswahili sanifu, na kila kundi limwendee mzee mmoja kwa adabu inayostahili, waamkie kwanza, waeleze walikotumwa, wasikilize bila kukatiza, kisha washukuru. Mzee akisimulia kwa Kinyakyusa, watoto waandike maana kwa Kiswahili. Hilo ni somo la lugha lenye thamani kuliko zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Nne, ndipo ziara ifanyike. Baada ya ziara wachore ramani moja ndefu ya mto katika karatasi zilizounganishwa, wakianza na mlima na kumaliza na meli gatini. Daraja liwekwe mahali pake, shule iwekwe mahali pake, na kila mtoto aweke alama kwenye shamba la nyumbani kwao. Mtoto atakapoona kwamba shamba la babaye na gati la Kyela vimo katika mchoro mmoja, hatahitaji hotuba ndefu juu ya mmomonyoko wa udongo.

Ulinzi na sheria

Katika hatua hiyo mwalimu aingize suala la ulinzi. Nchi yetu inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Mfano ulio karibu ni Kimondo cha Mbozi, ambacho leo kiko katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kimondo hicho, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1967. Hata hivyo anayekitazama leo huona makovu mahali vipande vilipokatwa. Hapo watoto wajadili: sheria inaanza kazi wakati gani, inapoandikwa au inapoingia mkononi mwa mtu?

Iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Watoto wapime meta 60 kwa hatua zao wenyewe kutoka kijitoni. Wataona kwamba mashamba mengi yamo ndani ya kipimo hicho, labda na ya wazazi wao. Mwalimu awe mwangalifu sana hapa. Asimfanye mtoto kuwa mshitaki wa mzazi wake. Wazazi hulima ukingoni kwa sababu ardhi ni haba na udongo wa hapo una unyevu. Kazi ya darasa ni kuuliza kipi chaweza kupandwa au kufanywa ili udongo usiondoke, kwa mfano nyasi za mifugo, miti ya asili ipendayo maji na matuta ya kukinga mteremko, na kuanza kukifanya katika shamba la shule.

Pingamizi zinazoweza kutolewa

Pingamizi la kwanza ni kwamba muhtasari ni mrefu na muda ni mfupi. Najibu kwamba somo hili haliongezi mada mpya. Kasi, ramani, volkeno, masimulizi na uraia tayari zimo katika masomo. Tunachofanya ni kuzikusanya mahali pamoja ambapo mtoto anaziona kwa macho.

Pingamizi la pili ni idadi ya watoto na gharama. Darasa la watoto themanini haliwezi kupelekwa mtoni kwa siku moja, nami sishauri. Kazi za kijito, chupa na wazee hazihitaji nauli. Shule iliyo mbali na daraja na ifanye hizo tatu tu, na bado itakuwa imefundisha vizuri.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni hatari. Mto Kiwira una nguvu, miamba yake huteleza, na Kijungu si mahali pa michezo. Mwalimu asiyeweza kupata mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi asiondoke shuleni. Aende mwenyewe kwanza bila watoto, aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, awaarifu wazazi na uongozi wa kijiji, achague mahali pa kusimama na kuweka mpaka usiovukwa, na aahirishe safari mvua ikinyesha milimani hata kama pale chini jua linawaka. Ziara nzuri ni ile ambayo idadi ya watoto waliorudi ni sawa na ya walioondoka. Mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Neno kwa walioko Iringa

Wanachuo wanaofanya mazoezi Iringa wasidhani kwamba maneno haya yanawahusu wenzao wa Mbeya pekee. Wao wanalo Korongo la Isimila, karibu kilometa 20 kutoka mjini, kandokando ya barabara iendayo Mbeya. Mwaka 1951 zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa pale na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, na uchimbaji wa kitaalamu ukafuata mwaka 1957 na 1958. Zana hizo zilifunuliwa na maji ya mvua yaliyokata ardhi. Hivyo mmomonyoko unaoziba gati huko Kyela ndio uliofungua ukurasa wa historia huko Isimila. Wanayo pia Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, yaliyotekwa na Wajerumani mwezi Oktoba mwaka 1894. Njia ni ile ile: kuona, kupima, kuuliza wazee, kuchora, na kuacha kila jiwe mahali lilipokutwa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alituonya dhidi ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Miaka mingi imepita, mitaala imebadilika mara kadhaa, lakini jibu la "hilo halimo kitabuni" lingali likisikika madarasani.

Nimalize kwa habari za yule mwalimu mwanafunzi. Siku iliyofuata nilirudi shuleni kwake, nikamweleza kwamba tulikosea wote wawili. Hakujitetea. Juma la tatu nilipomtembelea tena, nilimkuta amempa yule mvulana chaki ili achore Daraja la Mungu ubaoni. Mchoro haukuwa mzuri. Wenzake wakapiga kelele kwamba maji hayapiti hivyo, na kwamba ukingo wa pili ni mrefu zaidi, na mmoja baada ya mwingine wakaenda kurekebisha, hata ubao ukajaa. Mwalimu alisimama pembeni akiandika maswali yao. Andalio lake la somo la siku ile halikukamilika, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikumpunguzia alama kwa sababu hiyo.